AFYA NYUMBANI: Kamba nayo ni mzani



Mama mmoja wa kwetu alirudi kutoka kupimwa amenuna kabisa. Aliambiwa tansiyo yake iko juu, anywe dawa na atembee kila siku. Wiki sita alikuwa anashuka bondeni na kupanda tena asubuhi. Kupanda balansi: kilo 81, sawasawa na siku ya kwanza. Akasema basi, kutembea naacha, na vidonge pia naacha, havinisaidii kitu. Hapo tuliogopa.

Balansi inapima vyote kwa pamoja: mifupa, misuli, mafuta, maji, chakula cha jana, kikwembe na sweta. Mtu anaweza kuongeza au kupunguza kilo moja, hata mbili, kwa siku moja bila kunenepa wala kukonda. Tena ukianza kupanda mlima, miguu inapata misuli huku tumbo linapoteza mafuta. Kilo ya maharagwe na kilo ya majani ya mihogo ni kilo tu, lakini angalieni kikapu gani kinajaa.

Tukaleta kamba. Simama bila viatu, mwenzako apime urefu wako toka kisigino mpaka utosini, aikate hapo. Ikunje katikati iwe nusu. Sasa izungushe tumboni, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani (wababa, tunawajua). Ncha zikikutana, vizuri. Zisipokutana, mafuta ya tumbo yamezidi, na hayo ndiyo yanakaribisha sukari na tansiyo. Pima kwa vidole nafasi iliyobaki, andika mahali, urudie baada ya mwezi.

Mama yetu hakuwa amepima mwanzoni, lakini kikwembe kilimsemea: pindo lililokuwa linaishia ubavuni sasa linafika mgongoni. Na mlima pia ulimsemea. Milima hii ya Rusizi haina huruma, waliovuka kutoka Bukavu mwaka 2004 wanakumbuka. Na bidoni ya lita 20, yaani kilo 20 za maji, alikuwa anapumzika mara nne njiani. Sasa mara moja. Ukiweza kuongea unapopanda lakini kuimba kunakushinda, mwendo huo unafaa. Shirika la Afya Duniani, OMS, linataka mtu mzima afikishe angalau dakika 150 za namna hiyo kwa wiki.

Vidonge amevirudia. Kamba haipimi tansiyo, na mara nyingi tansiyo yenyewe haisikiki mwilini. Hiyo ni ya mashine tu.

Mjamzito asijipime kwa kamba hii. Watoto nao wana kipimo chao. Wa miezi 6 mpaka miaka 5 tunawapima mkono wa juu kwa utepe wa rangi: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, toka hapo mpaka 12.5 ni njano. Na kwa mtoto balansi inaweza kudanganya vibaya sana. Mwenye kwashiorkor anavimba maji, kilo zinapanda, nyumba nzima inafurahi kwamba amenenepa. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili, hesabu polepole mpaka tatu, achia. Shimo likibaki pande zote mbili, mpeleke leo hii, hata kama utepe unaonyesha kijani.

Neno moja tena kwa wakubwa. Anayekonda bila kutaka, anayekohoa zaidi ya wiki mbili, au anayekunywa maji na kukojoa kupita kawaida, asifurahie kamba kulegea. Aende apimwe kifua kikuu na sukari.

Mwezi ujao tutaongea juu ya chumvi kwenye sombe. Tunajua mtakasirika.