TAHARIRI: Umma Hudumu kwa Chuo Chake



Ndugu Waislamu, neno madrasa tulitamkalo kila siku latokana na mzizi wenye maana ya kusoma na kudurusu. Mayahudi nao wana neno la mzizi huo huo, midrash, na nyumba yao ya kusomea huiita beit midrash. Imam Bukhari amepokea kuwa Mtume (SAW) alitoka msikitini pamoja na Masahaba wakaenda mpaka Bayt al-Midras, chuo cha Mayahudi wa Madina, akawalingania papo hapo. Zayd bin Thabit (RA) naye aliamriwa ajifunze maandishi yao. Kwa hiyo kuijua habari ya vyuo hivyo si jambo geni katika dini yetu.

Mwaka 70 Miladia Warumi waliliteketeza Hekalu la Jerusalem. Watu waliokwisha kupoteza dola na mahali pa ibada walibaki na chuo. Mwanachuoni wao, Yohanan ben Zakkai, alisomesha katika mji wa Yavne. Baadaye vyuo vya Sura na Pumbedita, nchini Iraq, vikawa marejeo yao kwa karne nyingi, hata zama za Makhalifa wa Kiislamu. Talmud yao iliweka utaratibu: mtoto aanze chuo akiwa na miaka sita au saba, mwalimu mmoja asomeshe watoto 25, wakifika 40 apewe msaidizi, wakifika 50 wawe walimu wawili.

Mwaka 1803 Rabi Chaim alianzisha chuo Volozhin, katika nchi iitwayo leo Belarus. Hakutaka wanafunzi waishi kwa kuzungukia meza za wenyeji, bali alituma wajumbe wakusanye michango katika miji ya mbali. Serikali ya Urusi ilikifunga chuo hicho mwaka 1892, lakini waliosoma hapo walikwisha kuanzisha vingine. Hata karibu yetu, kando ya Mbale nchini Uganda, jamii ya Abayudaya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919 ilipata chuo baada ya kijana wao, Gershom Sizomu, kuhitimu urabi Marekani mwaka 2008.

Wao pia walikuwa na kasoro. Vyuo vingi vya watoto Ulaya ya Mashariki vilikuwa chumba kimoja chenye msongamano, mwalimu fukara na fimbo mkononi. Wasichana waliachwa nyuma kwa muda mrefu, mpaka mwaka 1917 ambapo Sarah Schenirer alifungua shule yao mjini Kraków.

Hatusemi haya kwa kusahau dhuluma wanayotendewa ndugu zetu wa Palestina. Dhuluma ni dhuluma. Lakini Uislamu umetuamrisha uadilifu hata kwa tunaohasimiana nao, na mwenye akili hujifunza popote.

Sasa tujitazame. Hapa Ufipa Waislamu ni wachache. Wamisionari wa Kikatoliki waliingia Karema mwaka 1885, na leo seminari yao ipo hapa hapa Kaengesa, ikiwalea vijana wao kwa mpango unaoeleweka. Sisi je? Katika madrasa nyingi za vijijini watoto hurundikana mbele ya ubao mmoja. Masika yakianza, mwalimu hushika jembe, kwani hakuna anayejua atakula nini, na madrasa hufungwa. Mtoto akikhitimu Msahafu hupikiwa pilau, kisha harudi tena, ilhali hajui maana ya aliyoyasoma. Kisha tunauliza kwa nini vijana wetu wanapotea!

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu wa pwani wasimamie elimu ya watoto wao, ya dini na ya dunia. Wito huo unatuhusu sisi wa bara pia.

Rai yetu kwa kila jamaa ya msikiti ni hii. Kwanza, kila mavuno kila nyumba itoe debe la mahindi kwa ajili ya mwalimu, na penye uwezo liwekwe shamba la wakfu, ili asiwe mwombaji. Pili, watoto wagawanywe kwa madaraja, na waliokhitimu waendelee na tafsiri, fiqhi na sira, wakidurusu wawili wawili na kuulizana. Tatu, mabinti wasiishie kwenye juzuu amma. Nao wana haki ya elimu hadi mwisho wake.

Hekalu liliteketea, chuo kikabaki, na watu wakabaki. Sisi misikiti yetu imesimama, Alhamdulillah. Lakini msikiti usio na madrasa hai, nani atauswalia baada yetu?