Ua la Chupa Haliliwi

Kila nikiona chupa ya plastiki imekatwakatwa ikawa ua la sebuleni, najiuliza litakusanya vumbi mpaka lini. Mimi nasifu gunia. Uani kwangu, gunia la sukari la kilo 50 limebeba sukuma wiki. Siri ni kopo kuukuu la mafuta ya kupikia, la kilo 2, lililotolewa kitako: lisimamishe katikati, lijaze kokoto, zungushia udongo wenye samadi, livute juu, rudia hadi gunia lijae. Nguzo hiyo ya kokoto hufikisha maji chini. Toboa gunia ubavuni, panda miche. Mtaani Kibera watu wamelima hivi miaka mingi. Ila si kila chombo kikuukuu hufaa kutumiwa tena: mtungi wa dawa ya wadudu, hata uoshwe vipi, usiingie jikoni. Utoboe kabla jirani hajauomba wa kutekea maji.