NI NANI ALIYEONA KISIWANDUI?

Kila ufikapo mwezi wa Aprili, mazungumzo ya barazani katika visiwa hivi hurejea jioni ile ya tarehe 7 Aprili, 1972, alipopigwa risasi na kuuawa Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa Kwanza wa Zanzibar, katika Makao Makuu ya Afro-Shirazi Party, Kisiwandui. Na kila mwaka wasemao "mimi nilikuwapo" wazidi kuwa wengi, ilhali waliokuwapo kweli wazidi kupungua. Mabishano hayo sasa yameingia katika matawi yetu. Tumeletewa barua zenye kututaka tuchapishe ushuhuda wa fulani na wa fulani kuwa ndio kweli yenyewe, na miongoni mwazo zimo zinazowataja kwa majina watu walio hai. Hatutazichapisha. Yatupasa kueleza kwa nini.

Ndugu wanachama, babu zetu hawakuwa wajinga katika kupima maneno. Mbele ya kadhi, shahidi hakuaminiwa kwa kilemba chake wala kwa ukubwa wa sauti yake. Aliulizwa alisimama wapi, aliona kwa macho yake au alisikia, na kama alisikia, ni nani aliyemwambia, naye huyo aliambiwa na nani. Kisha wakatafutwa watu waadilifu wa kumzaki. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa katika mgogoro wa shamba la mikarafuu, je, katika damu ya Rais turidhike na kidogo kuliko hicho?

Tuanze na waliokuwapo. Mzee Karume alikuwa ameketi na wenziwe wakicheza na kuzungumza. Sheikh Thabit Kombo alikuwa hapo naye akajeruhiwa. Mtu wa namna hii ni shahidi wa kuona, na neno lake juu ya yaliyotokea barazani pale lina uzito. Lakini uzito huo una mpaka wake. Aliyeona bunduki ikifyatuliwa hakuona kwa sababu hiyo mkutano wa siri uliofanywa kabla, kama ulifanywa. Wengi wetu huchanganya mambo haya mawili.

Luteni Humud Mohammed Humud ndiye aliyetajwa kuwa muuaji, naye hakutoka hai pale. Wako wasemao alijiua, na wako wasemao aliuawa na walinzi. Wako wasemao mchezo ulikuwa bao, na wengine wautaja mchezo mwingine. Basi baadhi ya ndugu zetu hudaka tofauti hizo na kusema, "Mnaona? Waongo wote!" La hasha. Watu waliokuwa wakikimbia risasi hawawezi kuhesabu kete. Kinyume chake, sisi twamshuku zaidi yule ambaye simulizi yake yazidi kunyooka kadiri miaka ipitavyo, akakumbuka leo jina ambalo miaka ishirini iliyopita hakulijua.

Sasa twaja kwenye jambo zito, nalo ni kesi ya uhaini ya mwaka 1973 na 1974. Walishitakiwa watu 81. Kumi na wanane kati yao, akiwamo Ndugu Abdulrahman Mohamed Babu, walikuwa vizuizini Bara, na Mwalimu Nyerere alikataa kuwaleta Unguja, kwani alikwisha kuona yaliyowapata Abdulla Kassim Hanga na Othman Shariff waliporejeshwa mwaka 1969. Wakahukumiwa hali hawapo. Waliokuwapo hawakuruhusiwa mawakili. Sehemu kubwa ya ushahidi ilikuwa maungamo ya watu waliokuwa mikononi mwa wapelelezi, na madai kwamba waliteswa yalifika hadi Amnesty International, ikayatangaza ulimwenguni.

Mtu aungamaye huku akiogopa kurudishwa alikotoka hasemi alichokiona, husema alichotakiwa. Huenda hata akasema kweli, lakini sisi hatuna njia ya kuijua kweli hiyo, maana hapakuwa na wakili wa kumsaili. Hukumu iliyojengwa juu ya maneno kama hayo haituthibitishii kitu, wala wajukuu wa waliohukumiwa hawastahili kuitwa leo wana wa wauaji.

Hapa baadhi yenu mtapiga makofi. Subirini kidogo. Ndugu Babu, aliyeachiliwa mwaka 1978, alikana kuhusika hadi alipofariki mwaka 1996. Twamheshimu kwa mengi, lakini kukana kwake nako ni ushahidi wa mtu mwenye maslahi, na hauwi hati ya usafi kwa kuwa tu watufurahisha wapinzani. Na hizo barua zinazowatupia damu watu waliokuwa ndani ya serikali yenyewe, mizani ni hiyo hiyo. Hakuna hata moja iliyosema mwandishi wake aliona nini yeye mwenyewe.

Wamarekani nao wangali wakibishana juu ya kifo cha Rais Kennedy, aliyeuawa Dallas mwaka 1963. Tume yao ilikusanya ushahidi wa watu 552, na mashahidi hawakukubaliana hata juu ya idadi ya risasi. Lakini mabuku 26 yalipigwa chapa, na mkulima wa huko akitaka ataweza kusoma nani alisema nini, na aliulizwa nini.

Basi sisi twadai kumbukumbu zote za kesi ile, pamoja na maungamo, zichapishwe kwa Kiswahili, mwananchi azisome. Na makatibu wa matawi, Unguja na Pemba, twawaomba wawaendee wazee waliokuwa mjini siku ile, maana kijana wa miaka ishirini wa wakati huo sasa amepita sabini. Waandikieni maneno yao kama wayasemavyo, bila kuyapamba, katika karatasi mbili mbali mbali. Moja iwe ya aliyoyaona, na ya pili ya aliyoyasikia pamoja na jina la aliyemwambia. Karatasi zisizo na mgawanyo huo zitarudishwa tawini.