Tamko la Wataalamu wa Maabara wa Lushoto Kuhusu Antijeni za Malaria na Damu ya Milimani



Sisi wataalamu wa maabara tunaofanya kazi Lushoto na wilaya jirani, tunatoa tamko hili kuhusu utafiti wa antijeni za malaria zisizobadilika, kwa kuwa damu ya watu wa Usambara imo ndani ya utafiti huo.

Kimelea cha malaria ni kigeugeu. Kingamwili zilizozoea sura yake moja huipita nyingine bila kuitambua. Ndiyo maana watafiti wanasaka antijeni zisizobadilika, yaani protini chache ambazo kimelea hakiwezi kuzibadili bila kujiumiza chenyewe. Maarufu ni RH5, ambayo pasipo hiyo kimelea hakiingii kwenye chembe nyekundu ya damu; chanjo yake imejaribiwa Bagamoyo. Nyingine ni PfSEA-1, iliyotangazwa mwaka 2014 baada ya kupima damu ya watoto wa Muheza, chini ya Usambara Mashariki. Watoto hao hawakuugua malaria kali katika vipindi walivyokuwa na kingamwili dhidi ya protini hiyo.

Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya vijiji vya miteremko ya Rombo, Upare na Usambara Magharibi, ambako damu ilipimwa kwa antijeni tatu, kikiwemo kipande cha MSP-1, protini nyingine ya kimelea, ambacho hakibadiliki sana. Kijiji kilivyokuwa juu zaidi, ndivyo kingamwili zilivyopungua. Wazee wetu wangesema hayo bila maabara: daktari Mjerumani Robert Koch alipopita Usambara mwishoni mwa karne ya 19 aliwakuta wakieleza kwamba homa huwapata wakishuka tambarare, na kwamba chanzo ni mbu.

Basi mtu mzima wa Mlalo, huku milimani, hana kinga ya mwenzake wa Korogwe, kule tambarare. Mlipuko wa malaria ukipanda mlimani, humuangusha yeye pamoja na mwanawe.

Kwa hiyo tunataka chanjo za antijeni hizi zipimwe na huku juu. Tunaijua hoja ya watafiti: penye wagonjwa wachache, jaribio hudai watu wengi na fedha nyingi. Ni kweli, ikiwa kinachopimwa ni idadi ya wanaougua. Kupima kama chanjo inaamsha kingamwili kwa mtu asiyezoea malaria hakuhitaji maelfu ya watu.

Tunataka pia majibu ya tafiti yarudishwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili na Kisambaa. Mwenzetu atakayeombwa kukusanya sampuli atauliza kwanza mkutano huo utafanyika lini; asipojibiwa, hatachukua damu ya mtu.