MASHAURI YA MOTOKAA: Stata Isihukumiwe Kabla ya Kupimwa

Katika milima yetu ya Kisii na Nyamira mvua hunyesha karibu kila mwezi, na motokaa kuukuu ina adui mkubwa katika unyevu. Maji huingia kwenye maungio ya nyaya, kutu huota, na asubuhi moja mwenye motokaa huzungusha ufunguo asisikie ila "tiki". Hapo wengi wetu husema, "Stata imekufa." Yafaa neno hilo lisitamkwe upesi.

Ninaye jirani, mzee mkulima wa ndizi, mwenye Peugeot 504 ya kubebea mizigo. Siku moja mikungu ya kupeleka soko la Daraja Mbili ilikuwa imekwisha kupakiwa, motokaa ikakataa kuwaka. Fundi aliyeitwa hakupima kitu. Aliagiza stata nyingine. Mzee aliuza mbuzi wawili, stata ikafungwa, na mlio ukawa ule ule. Siku ya tatu, ndizi zikiwa zimeiva juu ya motokaa, kijana mmoja alifungua waya wa ardhi, yaani ule mnene uunganishao betri na chuma cha motokaa, ambao mafundi huuita eathi. Chini ya boliti yake palikuwa na kutu tupu. Alipapiga msasa, akakaza, na injini ikawaka mara moja. Stata ya kwanza haikuwa na kosa lolote.

Sababu yake ni hii. Taa kubwa mbili hutumia umeme wa takriban ampea 10, lakini stata huhitaji zaidi ya 100. Kwa hiyo ungio lililoliwa na kutu laweza kuwasha taa vizuri, lisiweze kabisa kuzungusha injini.

Basi, ewe msomaji, fuata utaratibu huu. Tia breki ya mkono na uondoe gia. Kwanza, washa taa kubwa, kisha zungusha ufunguo. Taa zikififia sana, shuku betri au maungio yake. Zikibaki na mwanga wao na injini isigeuke, umeme haufiki kwenye stata, au stata yenyewe ni mbovu. Chunguza swichi ya ufunguo na waya mwembamba uendao kwenye stata.

Pili, tumia mita. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha karibu volti 12.6. Ikishuka chini ya 9.6 wakati wa kuzungusha injini, betri ni dhaifu. Injini ikiwaka, mita ionyeshe kati ya 13.8 na 14.5, isipofika hapo, chaji haiingii, na hata betri mpya itakufa vilevile.

Tatu, pima eathi. Weka ncha moja ya mita juu ya nguzo hasi ya betri, na ya pili juu ya chuma kitupu cha injini, huku mwenzako akizungusha ufunguo. Ikizidi nusu volti, ungio hilo ni bovu.

Hayo yote yakiwa mazima, ndipo stata ifunguliwe. Ondoa kwanza waya hasi wa betri, na uurudishe mwisho. Maana waya mnene wa stata una umeme saa zote, na spana ikiugusa pamoja na chuma cha motokaa, cheche zitaruka. Usivute sigara karibu na betri, kwa kuwa hutoa hewa inayolipuka. Ukilazimika kuingia chini, usitegemee jeki peke yake. Weka vigogo imara.

Stata ikitolewa, fundi aijaribu mezani. Mara nyingi kilichokwisha ni brashi zake za makaa tu, nazo bei yake ni ndogo sana kuliko stata nzima. Ikiwa ni lazima ununue nyingine, nenda dukani na ile ya zamani mkononi, mlinganishe matundu ya boliti na idadi ya meno.

Kabla ya mvua za Machi kuanza, safisha maungio yote, uyakaze na kuyapaka grisi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na jirani yangu atakwambia kuwa ufa wake ulikuwa mdogo kuliko kichwa cha boliti.