Kashata Moja Tu!

Ndugu msomaji, ni mara ngapi umemsikia bibi au shangazi akisema, "Mwonjesheni kidogo, atazoea. Ni deko la watoto wa siku hizi"? Mama akipa mgongo, mtoto hutiwa kashata ya karanga mkononi kwa siri. Mimi nasema: hayo si mapenzi, ni khiana.

Mzio wa karanga si deko. Mwili wa mtoto huidhania karanga kuwa ni adui, ukapigana nayo hata midomo na ulimi vikavimba, koo likabana, na nguvu ya damu ikashuka. Chembe yatosha kumwua, na kwa dakika chache. Wala moto hauiondoi shari hiyo. Karanga ya kisamvu ni ile ile.

Basi amana hii ni ya nyumba nzima, si ya mama peke yake. Mwiko wa mchuzi wa karanga usiingie chunguni mwake. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni. Mgeni aambiwe tangu mlangoni. Akishikwa, adungwe pajani, papo hapo, sindano ya adrenalini aliyoandikiwa na daktari, kisha akimbizwe hospitali hata akionekana amepoa, kwani huweza kumrudia baada ya saa kadhaa.

Kombe na dua nazijua, ndiyo kazi yangu. Lakini sindano kwanza! Usemaye umetawakali, je, ngamia umemfunga?

Wabillahi tawfiq.