Joto la Dar, samaki wa sebuleni na mashine ya kupoza maji

Wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo tuzungumzie samaki. Si wale wa Feri, hao tunawajua. Nazungumzia hawa wa mapambo, wanaoogelea kwenye matangi ya kioo sebuleni na ofisini. Kijana akishapata nyumba nzuri kidogo, akaweka sofa na runinga, anaanza kuwaza tangi la samaki. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na mashine ya kupoza maji, ile wauzaji wanayoiita chila, ambayo mtu anaweza kuuziwa kama vile tangi bila hiyo halijakamilika.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa tangi la kawaida la Dar, chila haihitajiki. Na yule anayeihitaji kweli asiifunge kama anavyofunga redio, kwa sababu maji na umeme havijawahi kuwa marafiki.

Tuanze na samaki wenyewe. Kiswahili chetu kinawaita samaki wa maji baridi, lakini ubaridi huo maana yake ni maji yasiyo na chumvi, basi. Gapi, moli na gurami asili yao ni nchi za joto kama yetu. Maji ya nyuzi 24 hadi 28 wanayafurahia, na yakipanda kidogo mchana wanavumilia iwapo hewa inatosha. Diskasi, yule bapa wa Amazon, anataka nyuzi 28 hadi 30. Kumnunulia huyo chila ni sawa na kumpeleka mtu wa Tanga akaishi Makete bila koti.

Wanaoteseka ni wengine. Wa kwanza ni samaki wa dhahabu, yule mwenye rangi ya chungwa ambaye kila mtoto anamtaka. Asili yake ni China na anapenda maji ya nyuzi 18 hadi 23 hivi. Wa pili ni matumbawe, kwa wale wanaofuga viumbe vya baharini. Mwaka 1998 matumbawe ya Bahari ya Hindi yalipauka na mengi yakafa kwa sababu maji yalikaa na joto kupita kiasi kwa wiki kadhaa. Nyuzi moja tu juu ya kiwango cha juu walichozoea, ikidumu, inatosha kuwadhuru. Kama bahari nzima ilishindwa, tangi lako la lita 200 lililo karibu na dirisha mwezi wa Februari, nje kuna nyuzi 32, litafanyaje?

Tena joto haliui kwa kuunguza tu. Lita moja ya maji ya nyuzi 20 inaweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni. Kwa nyuzi 30 inabeba kama 7 na nusu. Wakati huohuo mwili wa samaki unadai oksijeni zaidi. Ukiona samaki wamepanda juu wanahema mdomo wazi, ongeza hewa kwanza kabla ya kukimbilia dukani.

Kabla ya chila kuna njia za bei nafuu. Ondoa tangi dirishani. Punguza saa za taa. Toa mfuniko, weka wavu ili samaki wasiruke, kisha elekeza feni ndogo ipulize juu ya maji. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inaondoka na joto la kutosha kushusha lita 200 kwa karibu nyuzi 3. Pwani yetu ina unyevu mwingi hewani, kwa hiyo feni haifanyi kazi vizuri kama ingekuwa Dodoma, lakini inasaidia. Kumbuka kujazia maji yanayopungua, na kama tangi ni la baharini jazia maji yasiyo na chumvi, maana chumvi haipandi na mvuke.

Umefanya yote hayo na bado unafuga matumbawe? Sawa, sasa tuongelee kununua. Chila ni friji kwa ndani: ina kompresa, gesi na feni. Usidanganyike na namba ya nguvu za farasi kwenye boksi, hiyo inaeleza ukubwa wa kompresa. Uliza inaondoa wati ngapi za joto kwenye maji. Kushusha lita 200 kwa nyuzi 5 kunahitaji kuondoa joto la kama yuniti 1.2, na juu yake kuna joto la pampu, taa na chumba ambalo haliishi kuingia. Mashine ndogo kupita kiasi itafanya kazi usiku na mchana bila kufika. Tangi la baharini linataka koili ya titaniamu, kwani shaba ikiingia kwenye maji inaua matumbawe, kamba na konokono. Angalia pia umeme wake: wetu ni volti 230, hezi 50. Iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani ni ya volti 115 au 120, hezi 60. Ukiichomeka hivihivi utaiunguza.

Piga na hesabu ya LUKU. Mashine inayokula wati 150, ikifanya kazi saa 12 kwa siku, inamaliza yuniti 54 kwa mwezi. Je, bajeti yako inaijua hiyo?

Kuiweka nako kuna akili yake. Joto linalotolewa kwenye maji halipotei, linamwagwa chumbani. Ukiifungia chila ndani ya kabati chini ya tangi, inavuta hewa moto iliyoitoa yenyewe. Iweke wazi, iache nafasi nyuma na pembeni, na safisha vumbi mara kwa mara. Maji yapite kwenye chujio kwanza ndipo yaingie kwenye chila, na pampu iwe ya kasi inayotajwa na mtengenezaji. Umeme ukikatika na kurudi ghafla kompresa huumia, hivyo tumia kile kifaa cha kulinda friji, kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme. Na weka kipimajoto cha pili ndani ya maji, usiamini namba ya mashine peke yake.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Maji ya nyuzi 20 yakipita kwenye mpira katika hewa ya Dar, mpira unatoka jasho kama chupa ya soda mezani. Lile jasho linatiririka. Linaelekea wapi? Kwenye ekstensheni iliyolala sakafuni nyuma ya tangi, ikiwa imebeba pampu, taa, feni na chila. Na nani anapiga deki pale nyuma, miguu peku, na kitambaa kilicholowa mkononi? Mara nyingi si mwenye tangi. Ni dada wa kazi, ambaye hakuulizwa kama anataka samaki.

Kwa hiyo kabla ya chila, mwite fundi umeme anayejua kazi. Ahakikishe waya wa ethi upo kweli na unafanya kazi. Afunge RCD ya miliampia 30, ile inayokata umeme mara moja unapovuja, na uijaribu kwa kubonyeza kitufe chake kila mwezi. Soketi ziwe ukutani, juu ya sakafu na mbali na maji yanayoweza kuruka. Kila waya uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke badala ya kuingia ndani. Mpira uvishwe sponji ya kuzuia jasho. Na sheria ya nyumba iwe moja: mkono hauingii kwenye maji mpaka plagi zote zitolewe. Mfundishe dada, mfundishe na mtoto.

Mtu anaweza kusema vifaa hivyo ni gharama. Ni kweli. Lakini aliyepata pesa ya chila hawezi kukosa ya RCD. Kama haitoshi kwa vyote viwili, basi hakuna cha kuchagua: anunue RCD, afuge gapi, aweke na kafeni kake. Samaki watacheza, LUKU itapumua, na anayesafisha sebule atarudi kwao mzima.

Naomba kutoa hoja.